Salamu Niliyojijibu Mwenyewe

Akina mama, mzee wa kanisa pale mlangoni, na wewe mwinjilisti uliyekaa karibu na dirisha: maneno haya nimeyaandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama bila karatasi nitapiga kelele, na nikipiga kelele mtasema nina mapepo. Kwa hiyo nitasoma. Mkiona nimeinua macho kutoka kwenye karatasi, mjue hapo nimeshindwa kujizuia.

Mwenyekiti aliniita wiki iliyopita akaniambia, "Binti, Alhamisi utushuhudie jinsi Mungu alivyokufikisha chuo kikuu, halafu utuanzishie kwaya." Mwenyekiti, nakuheshimu, ila umepewa habari nusu. Chuo kikuu nilifika. Cheti sina. Mtihani wa mwisho nilianguka. Tena nawaambieni, kuanguka kwangu hasa si huko kwenye mtihani. Nilianguka mwaka mmoja kabla, siku niliyofaulu na watu wakanipigia makofi.

Wote hapa mnanijua. Nimezaliwa kule juu mlimani, kabla hatujahamishwa kuletwa huku barabarani. Mama yangu ndiye yule amekaa benchi la nyuma, na mnajua kwa nini anakaa la nyuma. Kabla ya kwenda mbele nimweleze mgeni yeyote aliyepo, kwa sababu nimeona nyuso mbili tatu za wake wa wafanyabiashara wa mjini waliokuja kusikiliza. Kwetu wanawake wawili wakikutana baada ya kupoteana siku nyingi, hawasemi tu "hujambo". Wanashikana mikono, vichwa vinakaribiana, wanaimba salamu. Anayefika ndiye anayetangulia: anaimba safari yake, afya yake, aliowaacha nyuma. Anaimba kidogo, anaacha nafasi ya pumzi moja, na mwenzake anaingiza jibu humo humo. Unasikia wimbo mmoja lakini midomo ni miwili. Halafu aliyetangulia anaacha nafasi ndefu kidogo, na hapo mwenyeji anaingia, anashika uongozi, anaanza kusema ya kwake. Habari nzito zinasemwa humo. Msiba, ugonjwa, mtoto aliyeponea. Hazisemwi kabla, na zikikosa kusemwa humo ni vigumu tena kuzisema mkiwa mmekaa mnakula maharage.

Mama yangu alikuwa fundi wa salamu hiyo. Watu walikuwa wanatoka mbali, Nyakitonto, kuja kumsalimia tu. Mwinjilisti, wewe ulisema ni nyimbo za giza. Nitakufikia.

Nilipomaliza kidato cha nne niliolewa na bwana shamba mmoja wa Kibondo, tukapata binti. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, ameacha ziwa, barua ilipofika kwamba chuo kikuu kinachukua vijana wenye sauti kwa kozi ya muziki ya miaka miwili. Afisa utamaduni alikuwa amenisikia shuleni na kuandika jina langu. Mume wangu aliisoma barua mara mbili akasema, "Nenda. Mimi shambani sihitaji mtu wa kuniimbia." Mama akasema, "Mtoto nipe mimi."

Na ninyi mlisema nini? Mnakumbuka? Mimi nakumbuka. Pale mtoni, nimeinama na debe langu, mmoja wenu alisema kwa sauti ili nisikie, "Kwani kuimba kunasomewa? Ng'ombe wangu analia vizuri, na hajawahi kukalia dawati." Mkacheka mpaka maji yakamwagika. Mwingine akasema mwanamke anayeacha mtoto kwenda kuimba pwani, Mungu atamwonyesha. Yupo hapa. Simtaji. Ameshusha macho, inatosha.

Nikapanda lori mpaka Kigoma, nikapanda gari moshi, nikafika.

Darasani tulikuwa kumi na wanne. Wengi walitoka shule zenye piano, wengine baba zao walipiga kinanda kanisani. Siku ya kwanza kila mmoja alisimama kutaja alikotoka. Niliposema Kasulu, kijana mmoja akauliza, "Muha? Mashamba ya mkonge yako Tanga, dada, umepitiliza stesheni." Darasa zima likacheka, na mwalimu wa kozi akatabasamu. Mnajua maana yake. Baba zetu walichukuliwa kwenda kukata mkonge, wakaitwa manamba, na mpaka leo mtu wa pwani akimwona Muha anaona panga na mgongo.

Huyo mwalimu hakuwa Mzungu. Angekuwa Mzungu ningejua la kujiambia nikilala. Alikuwa mweusi kama mimi, kasoma ng'ambo, na kwenye mikutano alihutubia kwamba wakoloni walitunyang'anya utamaduni na sasa tunaurudisha. Watu walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga. Somo lake liliitwa Muziki wa Asili.

Wiki hiyo hiyo ya kwanza lilitokea jambo ambalo naona aibu kulisoma. Pale jengo letu kulikuwa na mama mfagizi, mtu mzima, kanga kiunoni, ndoo mkononi. Nilikuwa barazani na wenzangu. Yule mama akanisikia nikiongea. Lafudhi yetu haifichiki, hata ukiipaka sukari. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kwangu mikono imenyooshwa, na akanianzia salamu. Ya kwetu. Palepale barazani, mbele ya wale waliokuwa wamenicheka kwa ajili ya mkonge. Aliimba mstari wake akaniachia nafasi.

Ndugu zangu, sikuingia. Nilisema, "Shikamoo mama," kwa Kiswahili safi, nikageuka kumuuliza mwenzangu kipindi kinachofuata ni kipi. Yule mama alibaki na mikono yake hewani. Halafu akainama akachukua ndoo. Sakafu ilikuwa kavu, lakini alianza kuifuta.

Nikaendelea na masomo. Kusoma muziki wenyewe nilijua haraka, sitawadanganya kwamba ulikuwa mgumu. Ile mistari mitano na vichwa vyake vyeusi niliikamata ndani ya mwezi. Ilipofika mtihani wa vitendo wa muhula wa kwanza, mwalimu akasema kila mmoja aje na wimbo wa kwao, aimbe peke yake, dakika tatu. Juu ya piano aliweka kisanduku cha mbao chenye fimbo inayokwenda huku na huku, ta, ta, ta, ta, cha kuhesabu mapigo.

Mimi ningeimba nini? Niliimba nilichofundishwa na mama. Niliimba nusu yangu. Mstari mmoja, nikaacha nafasi. Mstari mwingine, nikaacha nafasi. Sikufanya makusudi. Mwili wangu haujui namna nyingine ya kuimba ile salamu. Nikifika kwenye nafasi nilimsikia mama anaingia, kichwani mwangu, na nilimngoja amalize. Na kile kisanduku kinaendelea, ta, ta, ta, kinahesabu ndani ya nafasi ya mama yangu.

Mwalimu akapiga meza. "Mbona unanyamaza?"

"Sijanyamaza, mwalimu. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

Nikasema, "Kasulu."

Basi hapo hata wazee wawili waliokaa kusahihisha walishindwa kuzuia kicheko. Yule kijana wa mkonge akasema kutoka nyuma, "Anangoja gari moshi la kumrudisha!" Kwenye karatasi yangu mwalimu aliandika: hajui kuhesabu, anasitasita, wimbo haujakamilika. Akaniita pembeni. "Binti, una sauti. Lakini wimbo wenye matundu si wimbo. Ziba matundu. Uupange mapigo manne manne. Usipoufanyia kazi, mwisho wa mwaka nakurudisha kwenu."

Nikaufanyia kazi. Hapa msimlaumu yeye, hapa ni mimi. Kila siku mchana wenzangu wakienda kula, nilikaa na kile kisanduku. Nilichukua maneno ya kuongoza nikayaunganisha na maneno ya kujibu, nikayaimba yote mimi, bila kuvuta pumzi panapotakiwa. Mwanzoni ulimi ulikataa. Baadaye ukazoea. Mwisho wa mwaka nilisimama mbele ya wageni wenye suti nikaimba salamu ya mama yangu kutoka mwanzo hadi mwisho, mapigo manne manne, hakuna pa kuingiza hata sindano. Wakasimama kunipigia makofi. Mwalimu akanishika bega akasema, "Sasa umeendelea." Nami nilifurahi! Nilifurahi hadi nikalia. Hiyo ndiyo siku niliyoanguka, na nilikuwa nacheka.

Likizo ndefu nikarudi nyumbani. Wengi wenu mlikuwepo pale lori liliposimama, kwa hiyo mkiona naongeza chumvi, mnikatize. Mama alikuja barabarani, mtoto mgongoni. Amevaa ile kanga yake ya sikukuu. Akanishika mikono, akakaribisha kichwa, akangoja nitangulie, maana mimi ndiye niliyefika.

Nikatangulia. Na nikaimba kama nilivyoimba kwa wenye suti.

Nilimwona mama anafungua mdomo kuingia, akakuta nimeshaingia mimi. Akafungua tena. Nimeshapita. Alikuwa kama mtu anayetaka kuvuka barabara na malori hayaishi. Mimi nilikuwa naona, lakini sikuweza kusimama, ulimi ulikuwa na mwendo wake. Tena, nisiwafiche, sehemu yangu moja ilitaka ninyi msikie nilivyojifunza. Nilifika mwisho. Ile nafasi ndefu, ile ambayo mwenyeji anashika uongozi aseme ya kwake, sikuiacha. Nilikuwa nimeiziba miezi mingi iliyopita, nilikuwa nimesahau kwamba ilikuwepo.

Mama aliniachia mikono. Akasema kwa maneno ya kawaida, "Haya. Umefika. Twende ule."

Siku ya pili, tunamenya mihogo, nikamuuliza kama amekasirika. Akamenya muhogo mzima ndipo akajibu, "Ulijisalimu, ukajijibu. Mimi nilikuja kufanya nini barabarani?"

Nikamwambia mwalimu anasema ndivyo inavyotakiwa. Akasema, "Basi mwalimu wako na akusalimie."

Tangu siku hiyo mama hakuimba salamu na mtu yeyote. Wageni walitoka Nyakitonto, akawapa mkono na kuwaletea kiti. Mwinjilisti, ulisema hapa madhabahuni kwamba yule mama hatimaye ameacha nyimbo za giza, Bwana ameshinda. Bwana gani? Ni mimi niliyemfunga mdomo, na wewe ukashukuru.

Likizo ilipokwisha hakunisindikiza. Alisimama mlangoni na mtoto, mtoto akapunga mkono.

Kwenye gari moshi, siku zote zile, sikuwa namfikiria mama. Nilikuwa namfikiria yule mfagizi, mikono yake ilivyobaki hewani. Kwa mara ya kwanza nilielewa nilichomfanyia, kwa kuwa nilikuwa nimekifanya mara mbili. Yeye nilimnyima jibu. Mama nilimnyima nafasi ya kujibu.

Nilipofika sikwenda hata bwenini. Nikamkuta kwenye ngazi, anapiga deki.

"Mama," nikasema, "nimekuja kukujibu."

Hakuinua kichwa. "Umechelewa mwaka mzima."

"Najua."

"Nina vyumba vitano havijaguswa, na ngazi hii unaikanyaga na viatu vyako vya safari."

Nikavua viatu, nikachukua tambara la pili, tukapiga deki vyumba vitano. Alinikosoa kila kona. "Chuo kikuu hawafundishi kukamua tambara?" Tulipomaliza akakaa kwenye ngazi, akafuta mikono kwenye kanga kama alivyofanya mara ile, akaninyooshea. Safari hii nilianza mimi, taratibu, na niliacha nafasi. Nafasi ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Nikasikia bomba linavuja mahali. Halafu akaingia.

Sauti yake ilikuwa imekauka kama mlango wa ghala. Maneno mengine alikuwa ameyasahau akaweka ya Kiswahili cha mashambani. Nilipomwachia nafasi ndefu akashika uongozi, na humo ndimo alimoniambia kwamba ni wa Kibondo, kwamba alimfuata mume kwenye mkonge akiwa msichana, kwamba mume alifia kambini akazikwa na watu wasiojua jina lake la nyumbani. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu wa kumsalimia. Alipomaliza alisema, "Miaka yote hii nilikuwa naimba nusu tu, wakati nafagia. Nilidhani nyingine imekufa."

Akina mama, hapo ndipo nilipogeuka. Msitafute mahali pengine. Si kwenye mtihani, si hapa kanisani. Ni kwenye ngazi iliyolowa maji, na mwanamke wa Kibondo ambaye nilimwonea aibu.

Mwaka mzima tuliimba mchana baada ya kazi yake. Mtihani wa mwisho ulipofika nilimwomba aje. Akasema watamfukuza. Nikasema basi nitakaa kimya nianguke. Akakamua tambara lake. "Wewe ni Muha kweli, una kichwa kigumu. Nitakuja na tambara langu, wakiuliza nafuta vumbi."

Tukaingia wote wawili. Mwalimu akatazama kanga, akatazama ndoo. "Huyu ni mfagizi."

"Ni nusu ya wimbo, mwalimu."

"Kanuni inasema mtahiniwa mmoja."

"Wimbo unasema wawili. Somo linaitwa Muziki wa Asili. Asili ya nani?"

Mmoja wa wazee wa kusahihisha akasema, "Waache waimbe, tusikie." Mwalimu akakiwasha kile kisanduku kwa nguvu, ta, ta, ta, ta. Tukashikana mikono. Tulikuwa tumeanza tu, nikaona yule mama ananiachia mkono mmoja, huku anaendelea kuimba, anafika kwenye piano, anakifunika kile kisanduku na tambara lake la vumbi, fimbo ikakwama, kimya. Akarudi kunishika. Hakukosa hata jibu moja. Yule kijana wa mkonge alianza kucheka, kisha akaacha. Sijui kwa nini aliacha, wala sina haja ya kujua.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Mbele ya jina langu: ameanguka, alisaidiwa katika mtihani. Nilikwenda ofisini kwake. Nikamwambia, "Mwalimu, unahubiri utamaduni mchana, na ukiletewa mezani unauita msaada wa udanganyifu." Akasema nina hasira. Nikamwambia ndiyo, ninayo, na naondoka nayo, sikuachii hata kidogo. Yule mama walimhamishia vyoo vya mabweni. Aliniambia, "Huko mwangwi ni mzuri." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka, na hadi leo sijacheka.

Nikarudi hapa bila cheti. Sasa tuje kwenu.

Nilishuka kwenye lori, barabarani hakuna mtu wa kunipokea. Nikapita mtoni, mlikuwepo sita. Nikawasalimia. Hamkujibu. Mmoja wenu tu alisema, si kwangu, kwa debe lake, "Amerudi na sauti ile ile aliyoondoka nayo." Nikaendelea na njia ya nyumbani.

Mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage kwenye ungo, binti yangu pembeni. Mtoto hakunikimbilia, alijificha nyuma ya ungo. Mama hakuinuka. Nikaweka sanduku chini. Nikasimama hatua nne kutoka kwake, mikono imenyooshwa, nikaanza. Mstari mmoja. Nikaacha nafasi.

Hakuingia.

Sikuiziba. Nawaambieni, mwaka mzima wa kile kisanduku ulikuwa unanisukuma niijaze, lakini sikuiziba. Nilingoja. Kuku akapita kati yetu. Nikarudia mstari ule ule, nikaacha nafasi ile ile, na mikono ilikuwa imeanza kuuma. Mama alichukua jiwe dogo kwenye maharage akalitupa, halafu bila kuinua macho akaingiza jibu, dogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Nikaendelea. Akajibu tena. Nilipofika pale, nikaacha ile nafasi ndefu. Akaweka ungo chini. Akasimama. Akanishika, na akaongoza.

Na humo, akina mama, ndimo nilimosikia kwamba mwaka wa kwanza, mvua za masika, binti yangu alipata surua hadi akaacha kulia. Mama alimbeba mgongoni kwa miguu mpaka hospitali Kasulu, njia imekuwa tope, akidhani amebeba maiti, na aliogopa kumteremsha aangalie. Mume wangu, huko Kibondo, hakuambiwa zaidi ya kwamba mtoto alikuwa na homa. Habari ya mtoto aliyeponea huambiwa mama yake kwanza, ndani ya salamu. Mama aliivalia kanga ya sikukuu aje aniambie barabarani. Nami nilimwimbia mapigo manne manne mpaka mwisho, ikabaki tumboni mwake mwaka mwingine mzima.

Tena aliimba hivi, nayasoma kama alivyosema: nilipita mlango huu nikaita, nilipita mlango ule nikaita, hakutoka mtu.

(Hapa nimeinua macho.)

Mlikuwa wapi? Milango ile ni yenu. Tulihamishwa kuletwa pamoja barabarani, nyumba kwa nyumba, ili tusaidiane, ndivyo tulivyoambiwa. Mlisema ni adhabu ya mama aliyekwenda kuimba. Mtoto wa miaka miwili ndiye mlitaka alipe? Mnanicheka kwamba sina cheti. Yule mwalimu alikiziba kinywa cha mama yangu kwa mbao na fimbo. Ninyi mlikiziba kwa kufunga mlango. Mwinjilisti alikiziba kwa Biblia. Nami nilikiziba kwa kutaka makofi. Sioni aliye safi humu, ndiyo maana nazungumza nanyi na sijahama.

Sasa shukrani, maana ushuhuda bila shukrani ni ugomvi tu. Namshukuru Mungu aliyemwacha binti yangu apumue njiani. Namshukuru mume wangu, aliyeicheka barua ya matokeo akaikunja akafungia mbegu. Namshukuru yule mama wa Kibondo, anayefagia vyoo sasa hivi ninapowasomea haya. Alinifundisha bila kulipwa wala kuandikwa ukutani. Na namshukuru mama yangu, benchi la nyuma, kwa kunijibu wakati hakuwa na sababu.

Kuhusu kwaya. Nitaianzisha. Nitawafundisha do, re, mi, na ile mistari mitano pia, kwa sababu nimeisotea na si mali ya yule mwalimu. Lakini mama yangu atatoka nyuma, atasimama hapa kando yangu, atafundisha salamu, ndani ya kanisa hili, na mwinjilisti atakaa asikilize mpaka mwisho ndipo aseme kama ni giza. Msipotaka, tafuteni mwingine mwenye cheti.

Nililojifunza ni dogo. Ukiimba bila kumwachia mwenzako nafasi, habari ya mwanao inakupita masikioni huisikii. Na mwenzako akikuachia nafasi, ingia, hata kama watu wanakutazama. Nilichelewa mwaka kwa mmoja na mwaka kwa mwingine. Ninyi wa mtoni mmechelewa miezi mitatu.

Nafunga daftari. Bado ni asubuhi, kwa hiyo salamu ni ile ya Kiha ya kuamkiana, tunayoijua wote, na mimi ndiye niliyefika. Natangulia.

Mwakeye.

Nangoja.